Njia Panda ya Mombo Imehamia Kwenye Simu

Zamani mgeni wa Lushoto alipatikana Mombo. Basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha lilisimama, wauza machungwa wakajaa madirishani, na mtu mwenye begi mgongoni akashuka akiwa bado hajaamua kama apande mlima au aendelee na safari. Kijana aliyemfikia kwanza ndiye aliyempata. Zikafuata kilomita 33 za kona kupitia Soni, na kabla gari halijaingia stendi ya Lushoto mgeni tayari alikuwa na gesti, mwongozaji na ratiba ya siku tatu.

Njia panda ile ipo palepale, ila uamuzi haufanyiki tena hapo. Unafanyika wiki tatu kabla, Mbezi Beach au Munich, mtu amejinyoosha kwenye kochi na simu mkononi. Akiandika "Lushoto" na asikuone, kwake hupo, hata kama chai yako ni tamu kuliko ya jirani na shuka zako zimepigwa pasi.

Haya ninayoyaandika ni kwa ajili yako wewe mwenye gesti ya vyumba sita, wewe katibu wa kikundi cha miche, wewe mwalimu mkuu wa shule ya watoto wenye ulemavu, wewe mkulima wa brokoli unayechoka kupanga bei na dalali gizani. Nitazungumza kwanza juu ya majirani, na tovuti itafuata baadaye kidogo. Mpangilio huo nimeukusudia. Tovuti inamleta mgeni mpaka kizingitini, na kuanzia hapo atakutana na mtoto anayemsalimu au anayemwomba peni, na njia ya msituni iliyo wazi au iliyozibwa na mwenye shamba mwenye hasira. Hayo fundi wa kompyuta hawezi kukutengenezea.

Kwanza mkutano, kisha mtandao

Lushoto ina bahati moja: somo hili ilishalisoma kabla intaneti haijafika. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, lilisaidia kuanzisha mpango wa utalii wa kitamaduni nchini Tanzania, na Usambara ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Mgeni anamlipa mwongozaji, anamlipa mama anayempikia, na juu ya hapo anatoa kiasi kinachoingia mfuko wa maendeleo wa kijiji. Matangazo yalikuwa vijikaratasi tu. Friends of Usambara, shirika la wenyeji linalotembeza wageni na kupanda miti, limetokana na mkondo huohuo. Tovuti zilipokuja zilikuta tayari kuna jambo la kuandika ndani yake.

Kwa hiyo, kabla hujamtafuta fundi, kaa na wenzako mjibu maswali haya kwa maandishi. Njia ya kwenda kwenye maporomoko inapita shamba la nani? Mgeni akiteguka mguu, nani anambeba na nani analipa? Fedha ya kijiji inashikwa na nani, na inasomwa mbele ya nani? Usiridhike na mazungumzo ya mwenyekiti peke yake barazani kwake. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji ni chombo chenye uwezo wa kuingia mkataba, na mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wazima wote. Peleka jambo lako huko, lipitishwe, liandikwe kwenye muhtasari, uombe nakala yenye muhuri. Mwenyekiti atabadilika uchaguzi ujao, muhtasari utabaki.

Kuhusu fedha, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Usikubali kabisa kukiahidi kijiji "asilimia kumi ya faida". Faida huonwa na mwenye daftari tu. Mwaka wa pili utasema hakuna faida kwa sababu ulinunua tangi la maji, na huenda ni kweli tupu, lakini hakuna atakayekuamini. Weka kiasi maalumu kwa kila mgeni. Kichwa cha mgeni kinaonekana na kila mama aliyeketi mlangoni akimenya viazi, na mwisho wa mwezi hesabu ya kijiji na yako zitalingana bila mkaguzi.

Na ushirikiano usiwe wa fedha peke yake. Siku ya msaragambo wa barabara, gari lako lipeleke mawe. Shule ikiwa na mahafali, wape viti. Irente, kwenye ardhi ya Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, kuna shamba linalouza jibini, mkate na jamu, na pembeni yake pamekua huduma za watoto wenye mahitaji maalumu. Mgeni anayekwenda kuona mandhari ya nyika kutoka ukingo wa Irente hupita hapo akala chakula cha mchana. Biashara na huduma zimekaa uwanja mmoja kiasi kwamba anayenunua jamu anaijua na shule. Ukiweza kujenga ujirani wa namna hiyo, nusu ya maneno ya tovuti yako yameshaandikwa.

Kisa cha vipepeo

Ng'ambo ya bonde la Lwengera, kwenye Usambara ya Mashariki, kuna kisa ambacho kila mwenye mpango wa kuuza kwa mtandao anapaswa kukijua. Mwaka 2001, chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, ulianzishwa Mradi wa Vipepeo wa Amani. Wakulima wanaopakana na msitu walifuga vipepeo kwenye mabanda ya neti, wakapanda miti ambayo viwavi wao hula majani yake, na kuuza pupa kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Wengi wao walikuwa wanawake. Ni bidhaa ya ajabu: ni nyepesi kama punje ya maharage, na ina siku chache tu kabla haijapasuka na kuruka. Bila mawasiliano ya haraka na mnunuzi aliye mbali, isingeuzika kabisa. Kule Gede, Kenya, mradi wa Kipepeo ulikuwa umeanza kazi kama hiyo mwaka 1993 pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke.

Jambo lenyewe lilikuwa zuri pande zote. Mkulima alipata fedha, akawa na sababu ya kutokata msitu, na fungu la mauzo likarudi vijijini kwa kazi za jamii. Kisha mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia ndani ya zuio hilo. Wateja hawakukasirika, ubora haukushuka, mawasiliano hayakukatika. Mlango mmoja ulifungwa, na ndio uliokuwa ukipitisha karibu kila kitu.

Kwa hiyo unapopanga, hesabu milango yako. Gesti inayopata wageni wote kupitia jukwaa moja la kuwekea nafasi imeegemea ukuta usio wake. Majukwaa hayo hukata kamisheni ambayo mara nyingi huzunguka asilimia 15, na siku yakikufungia akaunti kwa kosa la kompyuta, utaandika barua pepe mpaka vidole vife ganzi. Anayetegemea WhatsApp tu, simu ikiibwa Kariakoo, wateja wote wameibwa nayo. Tumia vyote hivyo, lakini kuwe na mahali pako mwenyewe mtandaoni, na angalau kundi moja la wateja lisilohitaji kupanda ndege. Mwaka 2020, korona iliposimamisha wageni wa mbali, aliyekuwa na wateja wa Tanga, Moshi na Dar es Salaam alibaki na mtu wa kumpigia simu.

Jina ambalo mlima tayari unalo

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani Tanga, alituma kwao ua dogo la zambarau lililookotwa kwenye milima hii. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia, kwa heshima ya familia ya ofisa huyo. Leo liko madirishani dunia nzima, na Wajerumani hulinunua sokoni kwa jina la Usambaraveilchen. Wengi wanaolimwagilia kila Jumamosi hawajui kwamba Usambara ni mlima wenye watu, kabeji na bodaboda.

Faida yake kwako ni hii: neno "Usambara" lina thamani kuliko jina zuri utakalobuni usiku kucha. Liweke kwenye jina la tovuti yako na kwenye sentensi ya kwanza ya ukurasa wa mwanzo, kisha taja mahali hasa ulipo: Soni, Mtae, Mlalo, Rangwi, Bumbuli. Mtu hatafuti "paradiso ya asili yenye huduma bora". Anatafuta njia ya kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, na pa kulala katikati.

Sasa fundi

Anwani ya tovuti isajiliwe kwa jina la shirika au biashara yako. Sema hivyo kwa fundi mapema, hata kama ni mwanao. Nimeona kikundi kikipoteza anwani yake kwa sababu kijana wa kujitolea aliyeijenga aliisajili kwa barua pepe yake, akarudi kwao Ulaya, akaoa, akasahau kulipia. Miezi michache baadaye anwani ileile ilikuwa inatangaza kamari. Kwa biashara ya hapa nchini yafaa .co.tz, kwa shirika .or.tz, na anayekuangalia kwa mbali anajua mara moja uko wapi. Nywila zikae kwa watu wawili, na nakala moja ndani ya bahasha kwenye sanduku la fedha. Ada ya kila mwaka iandikwe kwenye bajeti mstari mmoja na LUKU, si kwenye "mengineyo".

Mwambie fundi ajenge tovuti nyepesi. Atakuonyesha kwenye kompyuta yake ofisini ukurasa unaofunguka kwa video ya ukungu wa msitu wa Magamba, na utapendeza kweli. Mwombe aufungue kwenye simu ya kawaida, kwa bando la siku, akiwa kwenye kona ya chini ya Soni. Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inakula bando la mtu kabla hajaona namba yako. Picha nane zilizopunguzwa ukubwa zinatosha, mradi ziwe za kweli. Kama choo chako ni cha nje, kionyeshe choo cha nje kilicho safi. Kwa mgeni wa gesti ya kijijini, kero mara nyingi huanzia kwenye ahadi asiyoikuta, wala si kwenye choo chenyewe.

Kisha weka bei. Najua utasema jirani ataiona. Ataiona, ndiyo, na mgeni naye ataiona, na ndiye unayemtaka. Watu wengi hawapigi simu kuuliza bei. Huondoka kimya kimya kwenda kwa aliyeiandika. Andika bei pamoja na kilichomo: chakula cha asubuhi, kuni za moto, mwongozaji, mchango wa kijiji. Pale njia inapoingia hifadhi ya msitu wa asili ya Magamba, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, eleza kwamba kuna kiingilio na kwamba si wewe unayekipokea. Hapo utaepusha ugomvi wa getini.

Andika pia kuhusu hali ya hewa bila kuona haya. Juni hadi Agosti Lushoto ni baridi, na mtu wa Dar es Salaam anayefika na fulana ataulaumu mlima wote. Mwambie alete sweta. Masika, Machi hadi Mei, utelezi hufunga njia za vijijini na mara nyingine udongo hushuka barabarani. Kipindi hicho ukurasa wako uwe na mstari mmoja unaobadilishwa kila inapobidi: barabara ya Mombo inapitika leo, au haipitiki. Nakuhakikishia mstari huo utasomwa kuliko historia yote ya ukoo wa kitawala wa Kilindi uliyoiandika kwa kujivuna, ingawa historia nayo iwepo.

Lugha? Kiswahili na Kiingereza, na Kijerumani kama una mtu anayekijua kweli. Kiswahili kisiwe tafsiri ya mwisho ya Kiingereza. Wateja wa Dar es Salaam wanaotaka kukimbia joto la Januari wanasoma Kiswahili, wanalipa kwa lipa namba, hawahitaji viza, na wakifurahi watarudi Pasaka na shemeji zao.

Ukiwa unauza mboga

Mkulima wa kabeji, karoti, hoho au matunda damu usidhani tovuti itaiua lumbesa. Dalali yupo kwa sababu ana gari, ana mtaji na anajua nani Kariakoo anahitaji nini leo. Kilichowahi kufanya kazi hapa ni umoja. Usambara Lishe Trust ilikusanya wakulima wa Lushoto wakapeleka mboga za aina nyingi kwenye mahoteli ya Dar es Salaam. Hoteli haihitaji kusifiwa rutuba ya milima yetu. Inahitaji kilo 20 za saladi kila wiki, zenye ukubwa mmoja, zilizooshwa, na siku zikikosekana iambiwe jana yake.

Basi anzeni na daraja za ubora mlizokubaliana na mizani moja. Ukurasa wenu uwe orodha: wiki hii kuna nini, kiasi gani, bei gani, gari linaondoka saa ngapi. Mtu mmoja aihuishe kila wiki na kuituma pia kwa WhatsApp kwa wapishi wakuu. Orodha ikipitwa na wakati mara mbili, mpishi hataifungua mara ya tatu.

Ukiwa unapokea misaada

Hapa niseme kwa uzito zaidi. Tovuti nyingi za huduma za watoto Afrika Mashariki huuza huzuni: mtoto mwenye kamasi, macho makubwa, jina lake na ugonjwa wake chini ya picha. Mtoto huyo atakuwa na miaka 20 siku moja, atajitafuta mtandaoni, na atajikuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakudai ridhaa na uangalifu katika taarifa za watu, na za watoto na za afya ndizo nyeti zaidi. Piga picha ya mikono inayofuma kikapu, ya darasa kwa nyuma, ya bustani waliyopanda. Usitaje jina na utambulisho wa mtoto. Usimruhusu mgeni wa saa moja aingie bwenini na kamera.

Badala ya huzuni, onyesha hesabu. Kwenye pwani ya Kwale, Kenya, vijiji vya Gazi na Makongeni vinaendesha Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013: vinatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule kwa maamuzi ya wanakijiji wenyewe. Ripoti zake za kila mwaka ziko wazi mtandaoni, pamoja na matumizi ya fedha, na mnunuzi wa ng'ambo hahitaji kuahidiwa kitu kwa maneno. Nasi tunadaiwa uwazi huo. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018 ziliyataka mashirika yasiyo ya kiserikali yaweke hadharani fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Lakini usingoje milioni 20. Andika kwamba ulipokea laki nane, ukanunua bati 18 na misumari, bati mbili ziliibwa na suala liko polisi. Mfadhili atakayesoma habari ya bati mbili zilizoibwa ataamini zile kumi na sita.

Ripoti hiyohiyo ichapwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Mkitofautiana, kwamba mtandaoni mmesema madarasa mawili na kijijini kila mtu anaona moja, kuna mjukuu wa mtu fulani anayesoma Dodoma atakayepiga picha.

Namba ya kupokelea mchango iwe ya shirika, yenye jina la shirika linalotokea mtoaji anapolipa, kamwe isiwe ya katibu. Matapeli hunakili tovuti za misaada, kwa hiyo andika wazi: hatuna namba nyingine.

Mwisho, unganeni. Gesti imtaje mfuga nyuki, mfuga nyuki aitaje shule, shule iitaje gesti inayochangia madawati, kila mmoja kwa kiungo kinachofunguka. Mitambo ya kutafutia huthamini tovuti zinazotajwa na wengine, na mgeni naye akiona watu wanne wa mlima mmoja wanajuana huondoa shaka. Andikeni kwenye makubaliano nani atamwondoa nani kwenye ukurasa wake mambo yakiharibika, maana yanaweza kuharibika.

Tovuti ikikamilika, usimwonyeshe mkeo wala mfadhili wako. Shuka Mombo siku ya kawaida, nunua machungwa, mtafute abiria asiyekujua anayengoja basi la Arusha. Mpe simu ya bei ya chini kabisa uliyoweza kuazima, umwombe akuambie chumba chako ni shilingi ngapi na gari la kupanda juu linapatikana wapi. Usimsaidie. Akirudisha simu kabla hajapata jibu, mpigie fundi ukiwa bado hapohapo.